Tunanunua Dawa au Tunagharamia Kliniki?

Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha vidonge vya fluoksetini kwa ajili ya mbwa wanaopagawa wakiachwa peke yao nyumbani, wale wanaotafuna milango na kubweka mpaka sauti ikauke. Binadamu wenye sonona walikuwa wakimeza dawa hiyohiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kidonge cha mbwa kilitiwa ladha ya nyama, dozi ikapangwa kwa uzito wa mnyama, boksi likapewa jina jipya. Na bei nayo ikawa nyingine.

Mwenye mbwa akilijua hilo hupandwa na hasira, na si hasira ya bure. Ila ukimsikiliza vizuri utagundua anatoa mashtaka mawili kwa mkupuo. Shtaka la kwanza ni la mtengenezaji anayeuza ghali. La pili ni la kliniki ya wanyama inayoongeza chake juu ya bei hiyo. Haya hayafanani, wala utetezi wake haufanani. Nionavyo mimi, mtengenezaji ana utetezi mzuri ila una mwisho wake, na kliniki ina utetezi mzuri kuliko wote lakini imeuficha mahali pabaya.

Tuanze na mtengenezaji. Hoja yake kubwa ni kwamba paka si mbwa mdogo, na mbwa si mtu mwenye miguu minne. Ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya vya kuvunjavunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Permethrini, ambayo mbwa hupakwa mgongoni kuua viroboto bila tatizo, humtia paka degedege na mara nyingine humuua. Hata pale dawa moja inapomfaa mtu na mnyama, kipimo hakifuati mizani peke yake. Mbwa mwenye upungufu wa homoni ya thairoidi huhitaji, kwa kila kilo ya mwili wake, dawa nyingi mara kadhaa kuliko binadamu. Insulini ya wanyama mara nyingi huwa na yuniti 40 kwa mililita, ilhali ya binadamu iliyozoeleka ina yuniti 100, na sindano zake zina alama tofauti. Ukichanganya sindano, dozi inazidi au inapungua mara mbili na nusu. Mambo haya hayakujulikana kwa kubahatisha. Kuna aliyegharamia majaribio, akasubiri majibu, akapeleka makaratasi kwa mamlaka ya dawa.

Kisha kuna ukubwa wa soko. Dawa ya presha ya binadamu ina mamilioni ya watumiaji, na nyuma yao wako wanunuzi wakubwa, serikali na mifuko ya bima, wanaokaa mezani na kiwanda na kubishania bei. Paka hana mtu wa kumbishania. Soko lake ni dogo, limetawanyika, na kila mnunuzi anaingia peke yake na mfuko wake. Mbwa nao hutofautiana mno: yupo wa kilo mbili na yupo wa kilo sabini, kwa hiyo dawa moja inatakiwa itengenezwe kwa vipimo vinne au vitano, kila kimoja na boksi lake na tarehe yake ya kwisha muda.

Lipo na suala la macho yetu wenyewe. Katika nchi ambazo serikali au bima hulipia sehemu kubwa ya matibabu, mgonjwa huchukua dawa zake dirishani bila kujua zimegharimu kiasi gani. Siku mbwa wake anapougua ndipo anapoiona bili nzima kwa mara ya kwanza, na anadhani ameibiwa. Pengine ameibiwa kweli, lakini mshtuko wenyewe si ushahidi.

Utetezi huo una nguvu kwa dawa mpya iliyobuniwa kwa ajili ya wanyama. Unaanza kupwaya hataza, yaani haki ya kampuni ya kuitengeneza dawa peke yake, inapokwisha, majaribio yakiwa yamelipwa zamani, na bei ikabaki ileile kwa sababu hakuna aliyejisumbua kutengeneza toleo la bei nafuu. Kwa binadamu, hataza ikiisha viwanda hupigana vikumbo. Kwa wanyama mara nyingi hujitokeza kimoja au viwili tu, maana soko ni lile lile dogo. Hapo udogo wa soko unaacha kuwa maelezo ya gharama na kuwa ngao ya mwenye soko.

Sheria nazo zinaongeza uzito. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, daktari anatakiwa aanze na dawa iliyosajiliwa kwa mnyama husika na kwa ugonjwa husika. Dawa ya binadamu ni hatua ya mbele zaidi, pale ambapo dawa ya mnyama inayofaa haipatikani, na unafuu wa bei peke yake hauhesabiwi kuwa sababu ya kuruka ngazi. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, daktari wa mbwa na paka ana nafasi pana zaidi ya kuandika dawa za binadamu. Mantiki ya kanuni ya Ulaya naielewa: kama kila daktari angekimbilia kidonge cha bei rahisi cha binadamu, nani angetoa fedha kukipima kwa mbwa? Lakini kanuni inayomzuia daktari kuandika dawa anayoijua vizuri, huku mwenye mnyama akiondoka mikono mitupu, imemlinda nani siku hiyo?

Kisa kinachoonyesha pande zote mbili kwa ukali zaidi ni cha paka na ugonjwa unaoitwa kwa kifupi FIP, unaotokana na virusi vya korona vya paka. Kwa miongo mingi ulikuwa hukumu ya kifo. Karibu kila paka aliyeugua alikufa, mara nyingi akiwa bado mdogo. Mwaka 2019 Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwatibu paka 31 kwa kemikali iitwayo GS-441524. Paka 25 walipona na kuishi. Kwa waliozoea kuwaona paka hao wakinyauka, ilikuwa kama mtu ameandika kosa kwenye jedwali.

Hataza ya kemikali hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Gilead, nayo haikuitoa kwa ajili ya wanyama. Maelezo yaliyoenea ni kwamba GS-441524 ni ndugu wa karibu wa remdesivir, dawa ambayo kampuni ilikuwa ikiitafutia kibali kwa binadamu, na madhara yoyote ambayo yangeonekana kwa paka yangeweza kutia doa safari hiyo. Kwa kampuni, hesabu hiyo ina mantiki. Kwa mwenye paka ilimaanisha kwamba tiba ipo na haiuzwi.

Soko halikungoja. Vichupa vilianza kutoka China, vingine bila hata jina la kiambato, vikauzwa kupitia makundi ya mitandaoni. Wenye paka walifundishana kuchoma sindano kila siku kwa siku 84. Bei ilikuwa kubwa mno hapo mwanzo, na aliyenunua hakuwa na uhakika kama kilichoandikwa kwenye kichupa ndicho kilichomo. Madaktari wengi walibaki katikati: hawakuruhusiwa kuiandika dawa hiyo, lakini walimpima damu paka aliyekuwa akiitumia na kuona anapona. Wazalishaji walipoongezeka, bei ilishuka. Njia halali zilifunguka baadaye, Uingereza mwaka 2021 na Marekani mwaka 2024, kupitia famasia zinazochanganya dawa kwa oda ya daktari.

Anayetetea udhibiti atasema: tazama hatari waliyojitia, sindano zisizojulikana zilikotoka. Anayeupinga atasema: tazama paka walio hai. Wote wawili wako sahihi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ninachokiona ni kwamba bei ile ya magendo haikutokana na gharama ya kutengeneza; ilitokana na kukosekana kwa muuzaji halali. Saiprasi walilijua hilo mwaka 2023, mlipuko wa FIP ulipowashambulia paka wa kisiwa kile. Serikali iliruhusu paka wapewe vidonge vya UVIKO-19 vya binadamu vilivyokuwa vimebaki ghalani. Dawa iliyolipiwa zamani, isiyo na mtu wa kuimeza, ikageuzwa kuwa tiba ya paka kwa uamuzi wa serikali.

Sasa kliniki. Hapa watu wengi hukosea shabaha, wakidhani daktari wa wanyama anatajirika kwa vidonge. Jinsi mambo yalivyo ni kwamba ada ya kumwona daktari mara nyingi huwekwa chini ya gharama yake halisi, kwa sababu mtu akiona ada kubwa mlangoni anageuza. Pengo hilo huzibwa na faida ya dawa. Faida hiyo ndiyo inayolipa wauguzi, mashine ya eksirei, na daktari anayekesha usiku akisubiri mbwa aliyemeza sumu ya panya. Bila shaka wapo wanaozidisha. Uingereza, mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, CMA, iliyoanza kulichunguza soko hili mwaka 2023, ilieleza kwamba karibu asilimia 60 ya kliniki zilikuwa zimeshamilikiwa na makampuni makubwa, kutoka asilimia 10 mwaka 2013. Katika hitimisho lake la awali la Oktoba 2025 ilisema bei za huduma zilipanda kwa asilimia 63 kati ya 2016 na 2023. Kupanda kwa namna hiyo huwezi kusema kumetokana na eksirei peke yake.

Lakini tuseme kliniki yetu ni ya mtu mwadilifu. Hata hapo mpango huu una kasoro, na ni kasoro ya haki kabla ya kuwa ya bei. Kama faida ya dawa ndiyo inayobeba jengo, basi anayebeba jengo ni mwenye mnyama anayeumwa kila siku: mbwa wa moyo, paka wa kisukari, mbwa mzee wa viungo anayemeza dawa ya maumivu mwaka mzima. Huyo analipia mkesha wa usiku ambao wengine wanaufaidi kwa kuja mara moja kwa mwaka kuchanja. Maduka ya dawa ya mtandaoni yalipokuja, waliojua waliomba cheti cha dawa kwa daktari na kwenda kununua kwingine. Walioachwa na mzigo ni wasiojua, wasio na intaneti, na wale ambao mnyama wao anahitaji dawa leo jioni.

Kuna na mgongano wa maslahi, kwa kuwa anayeandika dawa ndiye anayeiuza. Denmark ililivalia njuga jambo hilo kwa mifugo mwaka 1995 kwa kubana faida ambayo daktari angeweza kupata kwa kuuza antibiotiki, na matumizi ya dawa hizo yalishuka mara. Sisemi madaktari walikuwa wakiandika dawa kwa tamaa. Nasema tu kwamba kalamu yao ilibadilika mwendo faida ilipoondoka.

Basi tutenganishe dawa na kliniki, yaishe? Sweden madaktari wa wanyama hawauzi dawa kwa faida. Famasia ndizo zinazouza. Wenye mbwa wa Sweden hawajapata matibabu ya bei rahisi kwa sababu hiyo. Huduma yenyewe ni ghali, na mbwa wengi wana bima. Gharama ilihama kutoka kwenye kidonge ikaenda kwenye mikono ya daktari, mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Uingereza ilijaribu njia nyepesi zaidi: kuanzia 2005 madaktari walitakiwa kutoa cheti bila malipo kwa miaka mitatu. Miaka hiyo ilipokwisha ada ya cheti ikarudi, na mwaka 2025 CMA ikawa inapendekeza iwekewe kikomo, na kwamba wenye wanyama waambiwe wazi kuwa wanaweza kupata dawa kwa bei ndogo kwingine.

Naunga mkono utenganisho, huku nikijua nani ataumia. Kliniki ndogo ya kujitegemea haina nguvu ya kununua kwa wingi. Baadhi ya wamiliki wake hulalamika kwamba bei wanayouziwa na wasambazaji inazidi ile ambayo duka la mtandaoni linamuuzia mteja wa rejareja. Ukiwaondolea faida ya dawa, ada ya kumwona daktari itapanda, na kuna mtu ataacha kumpeleka mbwa wake kuchanjwa. Hiyo ni hasara halisi na hakuna hesabu itakayoifuta. Naipokea kwa sababu bei iliyoandikwa mlangoni mtu anaweza kuilinganisha na ya jirani. Bei iliyojificha ndani ya kidonge hawezi.

Wapo wanaosema mjadala wote huu ni wa wenye nacho, kwamba asiye na uwezo asifuge. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ugonjwa ungepiga hodi kabla ya mtu kuchukua mnyama, au kama uwezo wa mtu ungebaki palepale kwa miaka 15 ambayo paka anaweza kuishi. Tena asiyeweza kulipa hakai akimtazama mnyama tu. Anakata vidonge nusu, anaacha antibiotiki siku ya tatu, au anafungua kabati lake na kutoa ile parasetamoli.

Kwa mwenye mnyama aliye mbele ya daktari wiki hii, mageuzi ya sheria yako mbali. Lililo karibu ni kutaja uwezo wako mwanzoni, kabla ya vipimo, badala ya mwishoni mbele ya mhasibu. Madaktari wengi wana mpango wa pili wanaouamini, wenye dawa ya zamani na vipimo vichache, ila hawautoi kwa mtu ambaye hawajui kama anauhitaji, kwa kuogopa kuonekana wanamdharau au wanafanya kazi nusu. Uliza kama kuna toleo lisilo na jina la kampuni kubwa. Uliza kama boksi kubwa linashusha bei ya kila kidonge. Kwa dawa ya kudumu, omba cheti na ukubali kulipia ada yake bila kununa: ada hiyo inalipia kazi ya daktari, na angalau safari hii imeandikwa kwa jina lake.