Uungwana wa Lamu ulibebwa na nani?

Wazee wetu barazani Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, husema zamani watu walikuwa na heshima. Siwapingi. Mgeni akipiga hodi alikaribishwa dakani, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, akaketi kwenye baraza ya mawe, na hata mlango ukifunguliwa jicho lake halikufika ndani, maana njia ya kuingilia ilipindishwa makusudi kuwasitiri waliomo. Kijana hakumpita mkubwa bila kumwamkia. Mambo haya nayatamani yarudi.

Lakini tuitazame shiraa. Bibi wa kiungwana akitoka, alikwenda ndani ya kitambaa kipana kilichoinuliwa kwa fito kama hema, na walioshika fito ni wajakazi. Aliyemo ndani haonekani. Wanaombeba wanatazamwa na kila apitaye, kwa kuwa kujisitiri haikuwa haki ya mtumwa. Yaani stara ya mmoja ilisimama juu ya mikono ya wengine walionyimwa stara hiyohiyo. Kila nikiifikiria picha hii, neno uungwana hunikwama kooni.

Watetezi wa zamani wana hoja, na si ya kupuuzwa. Mtumwa wa nyumbani, wanasema, alikuwa kama jamaa, na suria akimzalia bwana wake, mtoto alikuwa huru kisheria na mrithi kama nduguze. Ni kweli. Ila mama yake hakuulizwa kama anataka. Tena nyumba zile za mawe zililishwa na mashamba ya bara, na aliyeinamia jembe kule hakuwa jamaa ya mtu. Wema wa bwana ulitegemea moyo wake. Akiamka vibaya, mtumwa angemshitaki kwa nani?

Dini yenyewe ilitumika pande zote mbili. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alikaa Langoni, upande wa pili wa mji, na watu waliodharauliwa, akawasomesha watumwa na watoto wao, akawaacha wamsifu Mtume kwa matari. Wakubwa wa mji walichukia. Leo Msikiti wa Riyadha, aliouasisi yeye, ndio unaojaza Lamu wageni wakati wa Maulidi, na wajukuu wa pande zote hukaa safu moja. Kwangu mimi, yeye aliujua uungwana kuliko waliorithi jina la uungwana.

Mwaka 1907 sheria ilipoacha kuutambua utumwa katika pwani ya Kenya, shiraa ilikosa wabebaji. Baadaye likaja buibui, vazi ambalo mwanamke hujivalia mwenyewe, na waliokuwa wajakazi wakalivaa pia. Ukisimama leo kwenye njia kuu, Mkomani mpaka Langoni, huwezi kujua nani bibi yake alikuwa chini ya shiraa na nani bibi yake alishika fito.

Ila posa ikiletwa, bado kuna nyumba ambazo swali la kwanza si tabia ya kijana wala kazi yake. Huulizwa, "Ni mwana wa nani?" na mjumbe wa posa huinamisha macho kabla ya kujibu.