Si Kila Kipele Usoni ni Chunusi

Mtu akitokwa na vipele usoni, dawa humfikia kabla ya swali. Rafiki anamwazima krimu yake, dada anamwambia aoshe uso mara nyingi zaidi, muuza vipodozi anampimia mchanganyiko wake kwenye kikopo kisicho na maandishi. Wote wanamtakia mema. Ila hakuna aliyesogea karibu akaitazama ngozi yenyewe, na ninaamini watu wengi wanahangaika miaka kwa sababu hiyo tu: wanatibu chunusi ambazo hawana.

Chunusi hujitambulisha. Mafuta ya ngozi na seli zilizokufa huziba kitundu cha unywele, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes akastawi humo, ngozi ikavimba. Ndiyo maana penye chunusi kwa kawaida utaona vitundu vilivyoziba, vingine vyeupe, vingine vyenye ncha nyeusi, vikichanganyika na vipele vya ukubwa tofauti na vingine vya usaha. Weusi ule si uchafu, kwa hiyo kusugua huumiza ngozi bure. Ukitafuta vitundu vilivyoziba usivione hata kimoja, anza kushuku kwamba una jambo jingine.

Huenda ni fangasi. Fangasi aitwaye Malassezia huishi juu ya ngozi zetu sote, na ndiye yule anayehusishwa na mba. Akizidi ndani ya vitundu vya nywele, huleta vipele vidogo vinavyolingana, kwenye paji la uso, kifuani au mgongoni, na vinawasha. Mgonjwa akipewa antibiotiki kwa kudhaniwa ana chunusi, vipele vinaweza kuongezeka, maana bakteria wanapungua na fangasi anapata nafasi. Anachohitaji ni dawa ya fangasi, kama ketokonazoli.

Kwa mwenye ndevu za kujikunja, vipele vya shingoni na kidevuni mara nyingi vinatokana na wembe: unywele uliokatwa chini kabisa hujipinda na kuchoma ngozi upya. Aache kunyoa kwa wiki kadhaa, kisha atumie mashine inayobakiza nywele kidogo.

Linaloniumiza zaidi ni krimu za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi. Soma tyubu, utaona majina kama clobetasol au betamethasone. Ni dawa nzuri kwa magonjwa yake, zikitolewa na anayejua muda wa kuzitumia. Usoni, kwa mtu anayejipaka kila siku, hudanganya. Siku za mwanzo ngozi inatulia, inang'aa, na kila anayemwona anauliza anatumia nini. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinaonekana, na vipele vinazuka kuzunguka mdomo, mara nyingi vikiacha ukanda mwembamba safi kando ya midomo. Akiacha krimu, uso unalipuka kuliko mwanzo. Akirudia, unatulia. Kwa hiyo anaamini kabisa kwamba ile krimu ndiyo dawa yake, na anaipendekeza kwa wengine kwa moyo mweupe. Mimi naona kosa ni la anayeiuza bila kumwambia kilichomo. Aliyefika hapo anahitaji daktari wa kumsaidia kuiacha, na anahitaji kuambiwa mapema kwamba wiki za kwanza zitakuwa mbaya, asije akakata tamaa.

Wenye ngozi nyeusi tuna ugumu mwingine. Maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi yanataja wekundu, na kwetu wekundu huo unaweza kuonekana kahawia au zambarau, au usionekane kabisa. Rozasea, inayofanana na chunusi lakini haina vitundu vilivyoziba, hupitwa kirahisi. Dalili yake ni uso kuwaka moto kwenye jua, joto au vyakula vikali. Kisha kuna madoa, ambayo hubaki miezi baada ya kipele kupona. Kukamua na kuchubua huyazidisha, na jua pia.

Na kama kweli ni chunusi? Dawa mbili za kupaka, adapalini ya asilimia 0.1 usiku na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, ni mwanzo mzuri kwa chunusi za kawaida (tumia taulo nyeupe, hiyo ya pili inapausha nguo). Zipewe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Mjamzito asitumie adapalini, na isotretinoini ya kumeza, dawa ya chunusi kali, humdhuru mtoto aliye tumboni vibaya sana.

Mwisho kuna majipu ya kwapani, kinenani na chini ya matiti, yanayopona na kurudi pale pale, yakiacha makovu na mifereji chini ya ngozi. Ugonjwa huu unaitwa hidradenaitisi. Wengi wenye nao wameambiwa ni wachafu, wakaficha, na miaka ikapita bila matibabu. Si uchafu, na hauambukizi. Ukimwona daktari, usimwonyeshe jipu la leo pekee. Mweleze yamerudi mara ngapi na wapi, hata kama siku hiyo ngozi imetulia.