Kamiriithu Lilikuwa Jengo, Acheni Masihara

Juzi nilikaa kwenye kikao cha wapenda sanaa, ajenda ikiwa kumbi za kihistoria za maigizo nchini na jinsi ya kuzihifadhi. Ikatajwa Nairobi, ikatajwa Mombasa, ikatajwa Nakuru. Nikauliza, na Limuru je? Mzee mmoja, mpole kabisa, akanijibu kwamba Kamiriithu, ule ukumbi wa wazi wa maigizo wa wanakijiji huko Limuru, ni historia ya fasihi, si ya majengo. Lile halikuwa jengo, akasema, ilikuwa mianzi. Kisha ikaletwa chai, na mjadala ukafia hapo.

Ilikuwa mianzi. Haya. Epidaurus, ukumbi wa kale wa maigizo kule Ugiriki, ni mawe yaliyopangwa ubavuni mwa kilima, paa halina, na watalii wanapanda ndege kwenda kuyapiga picha. Sijasikia mtu akiwaambia Wagiriki kwamba lile si jengo. Ila wakulima na vibarua wa Limuru wakijenga kwa mikono yao mwaka 1977, hapo tunaanza kutafuta vijina: jukwaa, uwanja, kibanda.

Hebu tuliangalie hilo "si jengo" lenyewe. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, wanakijiji walichora ramani yao chini kwa kupanga njiti za kiberiti. Wakaridhika, wakatengeneza mfano mdogo, na kutokana na mfano huo wakajenga ukumbi kamili. Nijuavyo mimi, kazi hiyo wasanifu wanailipisha, tena kwa asilimia. Jukwaa lilikuwa nusu duara lililoinuliwa, nyuma yake ukuta wa mianzi uliopinda vivyo hivyo, na nyuma ya ukuta kijumba cha vyumba vitatu cha kuwekea vifaa na kubadilishia mavazi. Viti vilikuwa mabao marefu yaliyopanda kama ngazi, watu zaidi ya elfu mbili wakiketi. Elfu mbili! Kwa kijiji ambacho kilizaliwa kwa amri ya mkoloni, pale watu walipokusanywa kwa lazima wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau.

Na walijua walichokuwa wakikifanya. Kati ya jukwaa na watazamaji hakukuwa na pazia wala ukingo. Mwigizaji angeweza kutokea nyuma yako akiimba, akakupita, akapanda juu. Nyuma ya viti kulikuwa na mikaratusi mirefu, na siku moja baadhi ya waigizaji, bila kuambiwa na mtu, waliikwea na kuitikia nyimbo wakiwa huko matawini. Niambie ni ukumbi gani wa zege nchini unaokuruhusu hivyo. Mimi uigizaji wangu wote wa shule niliufanya kwenye bwalo la chakula, meza zimesukumwa pembeni, harufu ya maharagwe ikiwa sehemu ya mandhari. Sauti yangu haikufika hata safu ya nne. Waliolijenga lile bwalo hawakuwa na haja ya kufikiria sauti ya mtu. Wa Kamiriithu walifikiria.

Ukumbi wa Taifa wa Nairobi, ambao kwenye kikao tuliupa karibu saa nzima, ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa. Haukujengewa babu zetu. Sisemi usihifadhiwe. Nasema historia yake tunaijua kwa moyo kwa sababu una mlango, kibao na mlinzi.

Yaliyofuata mnayajua. *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Gĩkũyũ ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, chini ya uelekezi wa Kimani Gecau, ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Hapa ndipo simulizi nyingi zinapofunga daftari: mwandishi, gereza, kitabu, uhamishoni. Alipofariki Mei 2025 tulimlilia vizuri sana, hata serikali ikatoa rambirambi zake. Nilizisoma mpaka mwisho nikitafuta neno moja tu kuhusu ule ukumbi.

Maana ukumbi ulibaki umesimama. Tamthilia imepigwa marufuku, mwandishi amefungwa na kutolewa, na bado ile mianzi ikawa inawanyima watu usingizi. Kikundi kiliporudi na mchezo mpya wa nyimbo, *Maitũ Njugĩra*, kikaelekea Ukumbi wa Taifa Februari 1982 na kukuta milango imefungwa, polisi wanarandaranda nje. Ndiyo, ukumbi uleule wa kuhifadhiwa. Tarehe 11 Machi kituo cha elimu na utamaduni cha Kamiriithu, chenye ukumbi huo, kikafutwa kisheria. Kesho yake polisi wakaenda Limuru na kuubomoa ukumbi mpaka chini. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwamba walikuja malori matatu.

Malori matatu! Serikali haitumi malori matatu ya polisi kuvunja kitu ambacho si jengo. Wale askari walielewa usanifu kuliko kamati yetu nzima. Walijua kwamba mchezo ukifutwa unaweza kuandikwa mwingine, na mwandishi akifungwa atapatikana mwingine, lakini watu waliokwisha kujijengea mahali pa kuketi elfu mbili wakisikiliza maneno yao wenyewe, hao huwezi kuwamaliza bila kuwavunjia hayo mabao.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mianzi ingeoza yenyewe; mvua na baridi ya Limuru havina huruma. Nakubali pia kwamba mahali pale pamejengwa chuo cha ufundi, na kijana anayejifunza kazi ya mikono si adui wa mtu. Hilo la lugha, kwamba Gĩkũyũ kiliwatisha wakubwa kuliko Kiingereza, limeandikiwa vitabu vya kutosha, sina la kuongeza. Ila mtu asiniambie kwamba hakuna cha kuhifadhi. Kuna maelezo ya umbo lake, kuna ardhi, na bado wapo hai waliokalia yale mabao, ingawa wanapungua kila mwaka huku sisi tukinywa chai.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati, nililolituma kwa maandishi na bado halijajibiwa, ni hili. Hatuhitaji mfadhili wala mshauri kutoka ng'ambo. Wanafunzi wa chuo kile wapewe maelezo ya ule ukumbi kama kazi ya darasa: wapime ile nusu duara, wapange viti, wasimamishe ukuta wa mianzi, wazee wakiwa kando kuwaambia hapa mmekosea. Waanze na njiti za kiberiti. Jambo moja tu: kibali kitolewe mapema, kwa maandishi, na nakala zake zigawiwe kijiji kizima.