Shushushu wa kuchekwa

Jumamosi nilikuwa zamu ya mchana kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, huku Uingereza. Baada ya chai wazee wakawekewa Johnny English Reborn, ile filamu ya kuchekesha ya shushushu wa Kiingereza, Johnny English, anayeharibu kila kitu. Mimi nakunja mataulo, jicho moja kwenye televisheni. Ikafika pale Rowan Atkinson, yule wa Mr. Bean, ndiye Johnny English mwenyewe, anamkimbiza muuaji aliyejifanya Malkia, halafu anamkuta Malkia mwenyewe, anamtwanga kwa sinia. Babu mmoja aliyelitumikia jeshi lao miaka mingi alicheka mpaka meno ya bandia yakadondokea kwenye kikombe.

Na mimi, mnajua nilifanya nini? Niligeuka kutazama mlangoni.

Miaka minane huku, shingo bado ya Tanga.

Ya Malkia nayaacha, mzigo wao. Linalonisumbua ni shushushu. Neno lenyewe kwetu tunalitamka baada ya kuangalia nani kakaa meza ya pili. Wenzetu wamelifanya kichekesho cha kutazama na watoto, na si mara moja: 2003, 2011, 2018. Ile ya kwanza makachero wao wanalipuliwa wote mazishini, na aliyepewa ulinzi wa mazishi ni nani? Yeye huyo huyo. Ndiyo maana anapewa kazi, kabaki peke yake! Kisha anamfunua matako Askofu Mkuu wa Canterbury kwenye sherehe ya kumtawaza mfalme, eti anatafuta tatuu. Hakuna aliyeitwa kuhojiwa. Kwetu mchekeshaji Idris Sultan aliicheka picha ya zamani ya rais tu, mwaka 2020. Simalizii.

Najua Mkenya ndiye atakayewahi kunijibu: wachekeshaji wao Redykyulass walimwigiza Moi angali Ikulu. Kweli, hongereni, na sitanii. Atafuata Mbongo: na Ze Comedy je? Niliwapenda, nilikuwa nawahi nyumbani kwa ajili yao. Lakini hao waliigiza wakubwa ambao sura zao tunazijua. Nitajieni aliyemwigiza yule jamaa wa kaunda suti anayekaa peke yake baa na soda moja saa tatu nzima. Ninyamaze nisubiri? Sisi tunamcheka mshamba, hausigeli na mwenye kitambi, basi.

"Umeota kiburi, umekula mkate wa Wazungu." Shangazi, nimekusikia kabla hujaandika. Sijasema wana akili kuliko sisi. Juzi nimemwona mmoja anapasha chai iliyopoa kwenye maikrowevu, akainywa.

Tena aliyenikosha zaidi ni wa kwetu. Yule kijana Tucker, msaidizi wa Johnny English, ni Daniel Kaluuya: kazaliwa London, wazazi Waganda. Ndiye mwenye akili kati ya wawili hao. Anaona mambo mapema, anasema, bosi anamnyamazisha na kuharibu. Atkinson anacheza na nyusi na pua. Kaluuya hacheki, hakasiriki, anatazama tu kwa uso wa mtu anayesubiri posho yake. Mliofanya kazi halmashauri mnamjua kijana huyo, pengine ni wewe. Bila uso ule, vituko vya bosi visingechekesha hata nusu. Mwaka 2021 akabeba Oscar kwa kumwigiza Fred Hampton, mwanaharakati Mmarekani mweusi. Nikamwambia mfanyakazi mwenzangu, "Huyu ni wetu." Akanijibu, "Si amezaliwa hapa?" Nikamwambia ndiyo, na bado ni wetu. Waganda mtanisamehe kwa kuvamia harusi.

Sasa niseme na hili, maana mtalisema nyinyi. Kuna kipande cha kikao: Waziri Mkuu yupo, wakubwa wa ujasusi wapo, na kiti cha Johnny English kinapanda na kushuka chenyewe, naye kakaza uso anaendelea kuongea. Ofisini kwetu kiti cha meneja kina ugonjwa huo huo, ukikikalia kinazama taratibu. Kipande kile kilipofika, meneja alikuwa ndiyo kwanza anaingia sebuleni. Wenzangu wawili Waingereza wakamtazama, wakatazama televisheni, wakaangua kicheko. Naye akacheka.

Kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye kazi hii, na barua zake anasaini yeye. Nikainamia mataulo yangu, nikalikunja moja mara mbili.