Tuinue macho hapahapa Dar

Mwandishi mmoja anasema mtu wa Dar es Salaam anayetaka kuona sanamu au jengo la kutia fora hana budi kupanda ndege kwenda Dubai. Sikubaliani naye hata kidogo. Nimekulia Kariakoo, na soko lile lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, ndilo jengo la kwanza kunifanya niinue shingo. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka kuelekea juu ili ikinge mvua na kuyateremsha maji hadi kwenye matangi chini. Mama akichagua nyanya, mimi nilikuwa naegemea nguzo, ubaridi wa zege mgongoni, nikiitazama ile miavuli mpaka shingo inauma. Moto wa Julai 2021 ulipolipiga nililia kama niliyefiwa. Halafu kuna sanamu ya Askari wa shaba pale makutano ya barabara za Samora na Azikiwe, kasimama tangu 1927, singe kaielekeza bandarini. Wengi humpita wakiwahi daladala. Sogea karibu: maandishi ya pale chini yanawakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na Kiswahili chake kimeandikwa hadi kwa herufi za Kiarabu. Mzee mmoja aliwahi kunisomea neno kwa neno, kidole kikifuata mistari, na tangu siku hiyo sipiti pale bila kusimama. Wenzangu wa Mwanza, Tanga na Zanzibar, huko kwenu ni kipi kinachowasimamisha njiani?