Mbwa Anajikuna, Nyumba Nzima Inawashwa

Kamanda anapojikuna hana aibu. Anakaa kitako katikati ya sebule, anainua mguu wa nyuma, anaanza polepole kama mpiga gitaa anayepima nyuzi, kisha anakolea. Mdomo unakwenda upande, macho yanafumba nusu, kucha zinagonga sakafu, na hayo yote saa nane za usiku. Akimaliza anahema, anaugeukia mkia, anautafuna pale unapoanzia, halafu anarudia tena.

Nyumbani kila mtu akawa daktari. Mke wangu alisema ni chakula. Mtoto alisema mbwa ana mawazo. Shemeji, ambaye alikuja kutusalimia akalipenda kochi letu na mpaka leo hajataja siku ya kuondoka, alitamka kwamba ni ngozi kavu: aogeshwe kwa shampuu ya mba, na chakula chake kitiwe kitunguu saumu. Shemeji hajawahi kufuga hata kuku, lakini ana sauti nzito, na nyumbani kwetu sauti nzito inatosha kuwa shahada.

Kitunguu saumu Kamanda alikinusa, akamtazama Shemeji usoni, akaondoka zake. Kumbe alikuwa na akili kutuzidi sote, maana kitu hicho huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Ikabaki shampuu. Iliyopatikana ilikuwa ya mke wangu, ile anayoificha nyuma ya mataulo. Shemeji alishika kichwa, mimi nikapewa upande wa mkia. Mambo yalikwenda vizuri mpaka maji yalipofika masikioni. Hapo Kamanda akakumbuka kwamba ana kilo ishirini na kitu za misuli. Alitoka bafuni na povu lote, akapita chini ya meza ya kupigia pasi, akapanda kitandani upande wa mke wangu, akajikung'uta. Na mbwa hajikung'uti kwa kubahatisha. Huanzia puani, humalizia mkiani, na hakuna ukuta unaosahauliwa. Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akauliza, "Mbona huyu mbwa ananukia kama mimi?"

Shemeji akasema anakwenda kununua vocha.

Sasa, ngozi ya mbwa si ngozi ya binadamu. Yetu ina tindikali zaidi, na shampuu zetu zimepimwa kwa ajili yetu. Kesho yake Kamanda alijikuna maradufu, tena akiwa na manyoya laini yanayong'aa.

Tukaenda kwa daktari wa mifugo. Kamanda alipofika tu, akaacha kujikuna. Alikaa wima, mtulivu, anamtazama kila mgonjwa kwa adabu. Aliyekuwa anajikuna ni mimi, kwenye kifundo cha mguu. Daktari aliutazama mguu wangu, akamtazama mbwa, akanyamaza.

Alianza kwa kumsugua Kamanda ncha ya sikio. Mguu wa nyuma ungeanza kupigapiga wenyewe, angeshuku upele unaoletwa na utitiri. Mguu ukatulia. Akachukua kitana chenye meno yaliyobanana, akachana manyoya juu ya shina la mkia, akakikung'uta kwenye karatasi nyeupe. Vikadondoka vichembe vyeusi.

"Udongo huo," akasema Shemeji, ambaye hakuna aliyemwalika.

Daktari akadondoshea maji. Kila kichembe kikaanza kutoa rangi, nyekundu ya kutu, ikasambaa taratibu kwenye karatasi mbele ya macho yetu.

"Kinyesi cha kiroboto," akasema. "Hii ni damu ya mbwa wako, imeshapita tumboni mwa mtu mwingine. Mbwa wengine mate ya kiroboto huwadhuru sana, wakiumwa kidogo tu wanawashwa mwili mzima. Nyumbani mna paka?"

Tunaye, anaitwa Shangazi, na nilimtetea palepale. Shangazi hajikuni. Shangazi ni msafi kuliko wanadamu wote wa nyumba ile.

"Ndiyo hivyo," daktari akasema. "Anajilamba kutwa nzima. Viroboto anawala, ushahidi anaumeza. Na viroboto wengi tunaowakuta kwa mbwa ni wa aina ya paka."

Kisha akatueleza kwamba wale walio juu ya mnyama ni wachache tu. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 40 kwa siku, nayo hayanati kwenye manyoya. Huanguka popote mnyama anapolala. Mayai, mabuu, na vile vifuko vyao ambavyo vinaweza kungoja kwa miezi mpaka visikie joto na mtikisiko wa kiumbe aliye karibu, vyote hivyo viko kwenye zulia, kwenye matandiko, kwenye mikunjo ya kochi.

"Kochi?" akauliza Shemeji. Sauti ilikuwa imepungua uzito.

Tuliporudi nilivaa soksi nyeupe ndefu, nikatembea mbele ya kochi lile. Vidoti vyeusi vikaanza kunirukia, kimoja, kingine, vikapanda kuelekea magotini. Shemeji alikuwa amelala pale tangu aje, akilalamika kuhusu mbu na kututaka tununue neti mpya.

Tukafua matandiko yote kwa maji ya moto, tukafyonza zulia kwa mashine mpaka mashine ikapata moto. Mabaya zaidi ni kumchana Shangazi kwa kitana. Sitaki kueleza. Nina alama.

Dawa tulipewa za matone, kila mnyama na yake, wote siku moja, na tuzirudie kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wale walio kwenye vifuko. Daktari alisisitiza kwamba ya mbwa isimguse paka hata kwa bahati mbaya, kwani baadhi zina permethrini, nayo inaweza kumuua paka. Basi Kamanda akafungiwa chumba kimoja, Shangazi kingine, na Shemeji akabaki sebuleni, amesimama, hataki tena kukaa.

Aliichukua pakiti ya Kamanda, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma. Kilo 10 hadi 25. Akairudisha mezani, akajikuna mbavu.

"Shemeji," akaniuliza kwa upole, "ya kilo tisini hawana?"