Mie si Mdukizi, Sheha

Jamani, hivi ni lazima kila mtu awe na kazi inayoenea katika mstari mmoja wa fomu? Nimetoka kwa sheha, mkubwa wa mitaa yetu, sasa hivi, shati limenigandia mgongoni, na wala si jua lililonifanya hivi. Ni neno moja tu: kazi.

Nilikwenda kutaka barua. Kila Jumamosi nawafundisha watoto wa mtaani kompyuta katika chumba cha nyuma cha madrasa. Tuna kompyuta nne, tatu zinawaka na moja ya kuonyesha wageni. Maalim kasema safari hii hataki maneno ya watu, nilete barua ya sheha. Haya. Nikavaa shati la Iddi, nikachukua kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kopi zake mbili na picha mbili ndogo ambazo nimetoka nimekasirika, nikatoka nyumbani najiona waziri.

Hata kona sijamaliza, bi mkubwa mmoja kanisimamisha na rimoti mkononi, tivii yake haitoi sauti. Mwengine, huyu namstiri, kanivuta pembeni: "Mwanangu, hiyo WhatsApp ya mume wangu huwezi kuifungua tukachungulia kidogo?" Kidogo! Kama anaazima chumvi.

Kwa sheha niliwakuta wanne kibarazani, yeye na wazee watatu, bao katikati na birika la kahawa pembeni. Nikatoa shikamoo nne, nikapata marahaba tatu. Wa nne alikuwa anahesabu kete. Sheha akavaa miwani yake, mkono mmoja umefungwa kwa uzi wa kushonea, akaandika jina langu, la baba, la babu. Kalamu ikasimama.

"Kazi?"

Hapa ndipo nilipojiponza. Ningesema mvuvi, saa hizi niko kitandani. Lakini lile shati lilishanipandisha kichwa. Nikajikohoza, nikasema kwa heshima zote: "Mdukuzi, sheha."

Kete zikanyamaza.

"Mdukizi?" akauliza mzee wa kete. "Si yule anayesimama chini ya madirisha ya watu usiku, anasikiliza wanavyosemezana? Sisi tukiwamwagia maji."

"Ya moto," mwenzake akamsahihisha.

"Si mdukizi, mzee wangu. Mdukuzi. Kwa u."

"Na hiyo u ndiyo inayokutoa dirishani?"

Mzee wa tatu, ambaye mpaka hapo nilidhani kalala, akasema bila kufumbua macho kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na watu wanafungwa. Nikaona mambo yanaharibika. Nikaeleza kwamba anayeingia katika mashine ya mtu kumwibia ni mwizi tu, mwizi aliyesoma. Mie ni haka wa asili, hacker kwa Kizungu, mtu wa kuchokonoa mashine ajue zinavyokwenda.

"Haka?" Sheha akanitazama juu ya miwani. "Haka ka nini? Hicho Kiswahili umekiokota wapi?"

Sasa mtu utafanyaje? Nikaanza mwanzo kabisa. Nikamwambia neno lile lilishika katika chuo cha MIT, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa vijana wa kilabu cha treni za kuchezea. Usiku kucha wako chini ya meza wanachokonoa nyaya na swichi ili vitreni vyao viende watakavyo, na mtu akizua ujanja mzuri wenziwe wanamsifu kwa neno hilo. Baadaye wakakutana na kompyuta, wakaichokonoa nayo. Hakuna aliyeibiwa hata kijiko.

Nilifikiri nimepatia. Kumbe nimetaja treni mbele ya wazee wa Unguja.

"Treni!" Mzee wa kete akaweka kete zote chini. "Treni unatuhadithia sisi? Tulikuwa nayo hapa hapa, Ngome Kongwe mpaka Bububu, tokea 1905! Na walioijenga ni hao hao Wamarekani wako. Unafikiri Bububu imepataje jina? Ndio mlio wake. Bu-bu-bu-bu."

"Uongo," akasema wa maji ya moto. "Bububu ni maji. Chemchemi inavyobubujika. Jina lilikuwepo na treni haijazaliwa."

"Babu yangu aliipanda!"

"Babu yako alilipa nauli?"

Basi. Pakawa hapasikiki tena. Mmoja anabubujika, mmoja anapiga bu-bu-bu kwa mashavu, aliyefumba macho kaanza kutaja bei ya nazi za zamani, na sheha, mwenye kalamu na maisha yangu mkononi, kaingia kati kuamua kesi ya jina la Bububu. Nimekunywa vikombe vitatu vya kahawa. Nimekula kashata ambayo sikukaribishwa. Mstari wa kazi uko mtupu unanitazama.

Mwishowe sheha akanikumbuka. "Haya, kijana, jieleze. Umeanzia wapi?"

Nikajieleza. Nilianza na redio ya babu, niliifungua nikiwa darasa la tatu na sikuweza kuifunga. Kipigo chake nakikumbuka mpaka leo. Halafu umeme ukazimika kisiwa kizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wenzangu wanalia gizani, mie nimetafuta betri ya gari nachajia mtaa mzima simu. Nikasoma, nikapata kazi hoteli moja ya ufukweni, kuangalia intaneti ya wageni. Mkataba ulisema fundi mitambo, lakini asilimia kubwa ya mitambo yenyewe ilikuwa feni. Nikaacha. Usiku naandika programu huria, zile ambazo mwenyewe anaziachia watu wazitumie na wazifungue ndani waone, kama Linux aliyoianza mwanafunzi mmoja wa Ufini, Linus Torvalds, mwaka 1991.

"Anawapa bure?" sheha akauliza.

"Bure."

"Na weye unafanya hivyo hivyo?"

"Ndio."

Akamgeukia mwenziwe kwa huruma kabisa. "Ana wazee huyu?"

Hapo nilipandwa kidogo, sikuficha. Maana miaka kumi sasa nakodoa macho usiku. Bando likiisha nanunua jengine kwa pesa ya samaki. Natafsiri maneno ya mashine, neno moja moja, ili mtoto wa Makunduchi akiona faili asidhani kafeli. Watafsiri wenzangu wawili hawajasemezana tokea tubishane kati ya kompyuta na tarakilishi. Na malipo yangu ni nini? Mtu ananiamini nimfungulie simu ya mume wake, lakini kuwafundisha watoto kubonyeza kitufe, nilete barua! Barua, kopi, picha, muhuri. Nilisema yote haya kwa sauti, na nadhani nilipigapiga na meza ya bao, maana kete mbili zilihama shimo na mzee wa kete akadai zirudi zilikokuwa, na hakuna aliyekumbuka zilikuwa wapi.

Ikabidi nitulize mambo kwa kitu cha kuonekana. Nikamuuliza sheha, unazikumbuka zile ndege ndogo zisizo na rubani, zilizoanza 2016 kuipiga picha Unguja na Pemba yote, wakizirusha vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar? Basi kwa picha za namna ile sisi wengine tunachora nyumba, moja moja, tunazitia katika ramani ya OpenStreetMap, ramani ya kila mtu.

Sheha akavua miwani pole pole. "Ile ndege ni yako?"

"Si yangu, sheha, mie nachora t..."

"Ilinipitia nakoga uwani."

"Kutoka kule juu mtu ni kama punje ya mchele tu, sheha."

"Mchele au wali?" akauliza mzee wa kete.

Nikatoa simu kumtuliza. Nikapanua picha kwa vidole viwili: hilo bati lako, hilo tangi la maji, huo mnazi, na hilo... Kule pembeni banda la kuku limetokeza njiani kama ulimi. Nililichora mie mwenyewe, pembe zake nne, kwa mapenzi yote, na sikujua ni la nani.

"Hili linaonekana mpaka Marekani?"

"Mpaka Ufini, sheha."

"Lifute."

"Nikilifuta mie mwengine atalirudisha. Ndio uhuria wenyewe."

Mzee wa maji ya moto, ambaye kumbe ndiye jirani, akanyoosha mkono taratibu. "Hebu nipe hiyo simu, mwanangu. Humo mnapima na urefu?"

Sijui nilivyotoka. Najua tu sheha aliandika haraka haraka, akagonga muhuri, akanisukumizia karatasi. Kazi: fundi simu. Barua yenyewe nikaifuate Jumatatu. Na kwa kuwa mie ni fundi, kanipakatisha redio yake ya bendi tatu, haisemi tokea mfungo wa mwaka jana, niiangalie, na pesa tusidaiane.

Kwenye daladala konda kataka kuilipisha kiti.

Sasa niko nyumbani, umeme hakuna, nimeifungua kwa tochi ya simu. Ndani mna mayai mawili ya mjusi kafiri, meupe, madogo kama ndondo za tasbihi, na betri zimetiwa kinyume. Zote nne. Nimezigeuza na inapiga taarabu safi kabisa. Mayai nimeyaacha hapo hapo, mie si wa kumvunjia mtu nyumba. Sasa nashauriana na nafsi yangu: nimwambie imechukua siku ngapi?